Daftari la Mayatima Si Mali ya Mwenye Ufunguo

Mombasa tuna familia ambazo habari za ukoo wao zinakatikia kwenye mlango wa nyumba ya mayatima. Babu alilelewa na wamishonari upande wa Kisauni, mama alichukuliwa kutoka kituo ambacho sasa kimefungwa, au wewe mwenyewe ulikulia humo ukatoka na jina ulilopewa na walezi. Ukienda kuuliza unaambiwa faili hazipo, kituo kilishafungwa, na hata zingekuwepo hizo ni siri. Mara nyingi majibu hayo hayana msingi wa sheria, na anayeyatoa hategemei kwamba utamwandikia barua.

Tuanze na kisa cha zamani zaidi, kwa sababu kinaonyesha jinsi rekodi hizi zilivyotawanyika. Ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale iko Frere Town, palipo na kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Shirika la wamishonari la CMS lilianzisha makao hayo mwaka 1875, baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi, waliokombolewa walishushwa hapo, na wengi wao walikuwa watoto wasio na mtu. Walisomeshwa, wakabatizwa, wakaandikwa majina mapya. James Mbotela aliisimulia habari ya watu hao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934.

Majina hayo mapya ndiyo yanayowapoteza watafutaji. Matthew Wellington, mmoja wa waliosindikiza mwili wa mmishonari David Livingstone hadi pwani, alizaliwa Myao akaitwa Chengwimbe. Jina la Wellington alilipata shuleni kwa wamishonari huko Nasik, India, nalo ndilo alilokufa nalo Mombasa mwaka 1935. Kwa hiyo katika ombi lolote utakaloandika, taja majina yote unayoyajua: la nyumbani, la ubatizo, la utani, na hata lile lililokosewa herufi na karani.

Rekodi za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Taarifa za majahazi yaliyokamatwa zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, kwenye mfululizo wa FO 84. Taasisi zote mbili zinabanwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 ya uhuru wa habari, ambayo haimuulizi mtu uraia wake: unaweza kuandika kutoka Kibokoni, hapa Mombasa, ukajibiwa ndani ya siku 20 za kazi. Huku kwetu, uliza daftari za ubatizo na ndoa katika parokia na dayosisi, kisha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Na asikuambie mtu kwamba ni kazi bure. Mwaka 1888 manowari Osprey iliteka majahazi yaliyobeba watoto wa Kioromo katika Bahari ya Shamu. Watoto 64 kati yao walipelekwa Lovedale, Afrika Kusini, na huko wakahojiwa mmoja mmoja kuhusu kwao na wazazi wao. Bisho Jarsa, mmoja wa watoto hao, alikuwa bibi yake mwanazuoni Neville Alexander. Maneno ya mtoto yaliyoandikwa vizuri yanaweza kumfikia mjukuu wake.

Sasa sheria yenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kinampa pia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu au shirika lingine, iwapo anazihitaji ili kutekeleza au kulinda haki yake. Kanisa, msikiti au shirika la hisani haliwezi kujitetea kwa kusema tu kwamba si ofisi ya Serikali. Lakini hapo ni juu yako kueleza haki unayoilinda: kitambulisho, mirathi, au jina lako. Haki hii ni ya raia, hivyo ndugu aliyeko Maskati ambaye hana tena uraia wa Kenya na amwachie binamu aliyeko hapa aandike ombi.

Kwa ofisi za umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ni lazima asaidiwe. Kuomba hakulipiwi, unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Ikiwa habari ziko ofisi nyingine, ombi lako lihamishiwe huko ndani ya siku tano, badala ya wewe kuzungushwa. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tuijuayo kama ofisi ya Ombudsman. Kuharibu au kuficha rekodi ili mwombaji asiipate ni kosa la jinai.

Sheria hiyo ina kipengele ambacho makarani wengi hawakitaji: habari zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa si za siri, mpaka aliyezihifadhi athibitishe vinginevyo. Kwa mtu anayetafuta faili la mama yake la mwaka 1975, hii ndiyo silaha. Iandike ndani ya barua.

Ikiwa faili ni lako mwenyewe, pitia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kanuni zake za 2021 zinamtaka anayeshika taarifa zako akuonyeshe ndani ya siku saba, bila malipo. Akikaidi, mlalamikie Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kituo kikifungwa, njia bado zipo. Mtoto hakuwekwa kituoni kwa maneno matupu. Kwa kawaida kuna afisa wa watoto aliyeandika ripoti na mahakama iliyotoa amri. Kwa hiyo nenda Idara ya Huduma za Watoto, kisha Mahakama ya Watoto ya Tononoka, hapa hapa kisiwani, ukaombe faili la kesi. Kama kulikuwa na uasili wa mtoto, mambo ni magumu zaidi: rejista inayounganisha jina la kuzaliwa na jina jipya haifunguliwi kwa umma, bali kwa amri ya mahakama. Hapo tafuta wakili, au Kituo cha Sheria ikiwa huna uwezo. Waliolelewa kwa kafala, yaani ulezi wa mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, wana nafuu, kwa kuwa kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua, haimbadilishi mtoto nasaba yake.

Kuna mpaka ambao naukubali kwa moyo wote. Faili la mtoto lina habari za watu wengine, pengine mama aliye hai ambaye hakutaka kujulikana. Sheria inalinda faragha yake. Omba nakala ambayo majina ya wengine yamefunikwa. Ofisi itakosa sababu ya kukunyima zilizobaki.

Ukishapata karatasi, usizifungie kabatini. Zinaweza kukusaidia kuandikisha uzazi uliochelewa na kupata cheti. Aliyeokotwa akiwa mdogo na wazazi wake hawajulikani asikubali kurudishwa nyumbani kwa kukosa kitambulisho cha mzazi: Kifungu cha 14 cha Katiba kinamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtoto aliyekutwa Kenya akionekana hajafika miaka minane, ikiwa wazazi na uraia wake havijulikani. Palipoandikwa uongo, Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kusahihishiwa au kufutiwa. Ila kwa Kadhi, karatasi ya kituo peke yake haitoshi kuthibitisha nasaba katika mirathi. Nenda nayo pamoja na mashahidi wa ukoo, na uwahi wangali hai.

Kuwahi kwenyewe ni muhimu sasa kuliko zamani. Novemba 2017 Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Nauunga mkono, kwa kuwa mtoto hukua vizuri nyumbani. Lakini kila kituo kinachofungwa kina kabati la faili, na anayepaswa kusema zinakwenda wapi mara nyingi hasemi. Wasimamizi, kabidhini faili hizo kwa Idara ya Huduma za Watoto kwa orodha iliyotiwa saini. Nawe msomaji, andika barua yako wiki hii kwa nakala mbili, moja uiache ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 21 zinaanza kuhesabiwa hapo.