SOMO LETU: MAZOEZI YA SAFARI NDEFU YA BAISKELI



Wengi wetu tumepanda baiskeli tangu utoto. Tunakwenda nayo mnadani, tunabebea alizeti, tunachotea maji. Kwa hiyo mtu akikuambia ufanye mazoezi ya kuendesha baiskeli, unaweza kucheka. Mimi pia nilicheka. Lakini kwenda mnadani kilomita 12 na kurudi ni jambo moja. Kwenda kilomita 60 leo, 60 kesho, 60 keshokutwa na 60 tena mtondo, hilo ni jambo lingine kabisa. Siku ya kwanza mwili utakubali. Siku ya pili, kama haukuzoezwa, utagoma.

Somo hili linatokana na safari niliyofanya Agosti mwaka jana na mzee mmoja, mhitimu wa darasa letu la jioni. Tulitoka Singida hadi Dodoma, karibu kilomita 240, kutafuta michango ya chumba cha kusubiria wajawazito penye zahanati yetu.

Kusafiri kwa ajili ya jambo la watu si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, baada ya Azimio la Arusha. Na miaka hii ya karibuni wako waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam hadi Butiama kumkumbuka, huku wakipanda miti njiani.

Wazo la safari yetu lilikuwa la mzee, si langu. Miaka miwili kabla ya hapo mkamwana wake alishikwa na uchungu usiku. Gari halikupatikana. Mzee alimkalisha kwenye keria ya baiskeli yake, akaisukuma mpaka zahanati. Mama alipona, mtoto hakupona. "Mwalimu," aliniambia, "ile haikuwa kazi ya baba mkwe. Lakini ningefanyaje? Sasa baiskeli hii hii nataka ilete bati." Sikuweza kumkatalia.

KWANZA: PIMA AFYA

Tulianzia zahanati. Mimi nilikutwa mzima. Mzee, ambaye alikuwa na miaka 58 na hakuwahi kuumwa kichwa, alikutwa na presha ya 170 kwa 100. Muuguzi akasema hapana, hakuna safari. Mzee alikasirika, nami nilihuzunika, maana watu walikwisha anza kuandika ahadi zao.

Tulikuwa tumepanga kuondoka Juni. Tukasogeza mbele. Mzee akaanza dawa, akapunguza chumvi, akawa anarudi kupimwa kila alipoambiwa. Tuliandika kila kipimo kwenye daftari pamoja na tarehe. Mwishoni mwa Juni kipimo kilikuwa chini ya 140 kwa 90, na mganga akaruhusu mazoezi ya polepole. Ndugu msomaji, presha kubwa mara nyingi haina maumivu. Mtu anaweza kutembea nayo miaka asijue. Kama umepita miaka 40, usianze mazoezi magumu bila kupimwa.

BAISKELI IKUFAE WEWE

Wengi wetu tunapanda baiskeli zenye kiti cha chini mno. Magoti yanapanda juu kama ya panzi, na jioni yanauma. Kipimo ni hiki. Kaa kwenye kiti, mwenzako akushikilie baiskeli. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo tu. Hapo kiti kiko sawa.

Halafu tazama breki. Sisi tulibadilisha raba zote nne za breki, na bei yake si kubwa. Tazama spoki zilizolegea, tia oili kwenye mnyororo, hakikisha gololi za gurudumu hazilii. Mizigo yetu yote miwili haikupita kilo 16: pampu, tyubu mbili za akiba, viraka, gundi, spana, maji, nguo moja ya kubadili, shuka, na daftari la ahadi ndani ya mfuko wa nailoni.

JINSI YA KUPIMA KILOMITA

Hatukuwa na chombo cha kupimia mwendo. Tulifanya hivi: tulitia alama ya chaki kwenye tairi na chini ardhini, tukasukuma baiskeli mpaka alama ya tairi ikagusa tena ardhi, tukapima kwa futi kamba. Gurudumu letu la inchi 28 lilikwenda mita 2 na sentimita 20 kwa mzunguko mmoja. Kilomita moja ni mita 1,000. Gawanya kwa 2.2, utapata mizunguko kama 455. Ukifunga kitambaa chekundu kwenye spoki unaweza kuhesabu. Kazi hii inachosha, sikatai. Tuliifanya mara moja tu, kutoka zahanati hadi mbuyu wa njia panda, tukapata kilomita 5. Baada ya hapo mbuyu ukawa ndio kipimo chetu: kwenda na kurudi ni 10.

MAZOEZI YA WIKI NANE

Siri ya mazoezi ni kuongeza kidogo kidogo na kupumzika. Msuli haupati nguvu wakati unafanya kazi. Unaipata wakati umelala. Anayefanya mazoezi kila siku bila kupumzika anajichosha bure.

Sisi tulitoka mara tatu kwa wiki. Jumanne na Alhamisi ilikuwa mwendo mfupi, kwenda mbuyuni na kurudi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwendo mrefu. Wiki ya kwanza kilomita 15, ya pili 20, ya tatu 30. Wiki ya nne tulirudi chini, 20, ili mwili upumue. Ya tano 40, ya sita 50. Wiki ya saba ndiyo ya mtihani: Jumamosi 45, na Jumapili 45 tena, na mizigo yote juu ya keria. Usiache jambo hili la siku mbili mfululizo. Ndilo linalokufundisha kupanda kiti asubuhi wakati makalio bado yanauma. Wiki ya nane tulikwenda 10 tu, tukapumzika.

Kuhusu makalio, tuseme wazi maana watu wanaona haya. Nguo ya ndani iwe safi na isiwe na mshono mnene. Paka mafuta ya mgando mahali panaposuguana. Ukifika, oga na ubadili nguo. Kidonda kidogo cha kiti kinaweza kukurudisha nyumbani mapema kuliko mlima.

KOSA LANGU LA WIKI YA TANO

Jumamosi ile ya kilomita 40 nilijisikia mwepesi. Nilikuwa na miaka 34, baiskeli mpya kidogo kuliko ya mzee. Tulipopita mbuyu nikakanyaga. Nilitazama nyuma mara moja, nikamwona, nikaendelea. Nilifika tulipokuwa tunageuzia nikakaa chini ya mti nikamngoja. Nusu saa ikapita. Saa nzima. Nilipomrudia nilimkuta ameketi juani, tairi la nyuma limepata pancha. Viraka alikuwa navyo yeye. Pampu ilikuwa kwangu. Maji yake yalikwisha.

Hakunigombeza. Aliziba pancha, nikajaza upepo, tukarudi kimya mpaka nyumbani. Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Nikamfuata kwake nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba radhi." Akaniitikia marahaba, akanipa kigoda, akasema: "Mwalimu, mimi nina dawa ya presha mfukoni. Nikianguka kule mbele ya Manyoni, wewe utakuwa umefika Bahi unaningoja chini ya mti?"

Nilikuwa sina jibu. Tulitoa daftari tukaandika masharti, naye akayaandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye mwendo wa pole ndiye anayetangulia. Hakuna kuachana zaidi ya umbali wa kusikia kengele. Kila mmoja awe na pampu yake. Mmoja akisema tusimame, tunasimama bila kuulizana kwanza. Baadaye, barabarani, sharti hilo la mwisho lilituokoa mara mbili, na mara zote mbili aliyesema tusimame ni mimi.

UPEPO, MAJI NA CHAKULA

Kiangazi upepo wa kwetu unatoka kusini mashariki, na Dodoma iko huko huko. Kwa hiyo tulijua tutapigwa na upepo usoni njia nzima. Kwenye barabara tambarare isiyo na upepo tulikuwa tunakwenda kilomita 14 kwa saa. Penye upepo hazizidi 10. Basi 60 gawanya kwa 10, ni saa 6 za kukanyaga. Ukianza saa 12 asubuhi na kupumzika saa moja njiani, unafika saa 7 mchana. Ndiyo maana tulipanga siku nne: siku ya kwanza kulala kijiji cha mbele ya Ikungi, ya pili Manyoni, ya tatu Bahi, ya nne Dodoma.

Mtu anayekwenda nyuma ya mwenzake anakingwa upepo na anatumia nguvu kidogo. Lakini mtaniuliza: kama wa pole ndiye anayetangulia, nani anamkinga? Hapo tulirekebisha. Penye upepo mkali nilikwenda mbele mimi, kwa mwendo wa mzee, naye akapiga kengele mara mbili kila nilipozidisha. Aliipiga sana. Gurudumu la mbele la anayefuata lisipishane kamwe na gurudumu la nyuma la aliyetangulia, maana yakigusana huanguka yule wa nyuma.

Maji kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu ikuume. Mkojo ukiwa wa rangi nzito kama chai, maji hayatoshi. Usinywe pia debe zima kwa mara moja bila kula. Jasho linatoa chumvi, na chakula kinairudisha. Mtu akiharisha njiani mtengenezee maji haya: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi hapo.

Kula kabla ya njaa. Uji mzito alfajiri, halafu kila saa kitu kidogo: kiazi kitamu, ndizi, karanga. Ugali mkubwa uache mpaka umefika. Nilijaribu mara moja kula ugali na maharage katikati ya mwendo, nikajuta.

BARABARANI NA MTEREMKONI

Shika kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, si ubavu kwa ubavu mkipiga soga. Vaeni nguo inayong'aa. Lori likipita, upepo wake unakusukuma kwanza halafu unakuvuta. Shika usukani kwa nguvu, usitazame nyuma.

Mbele ya Manyoni barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo nilipokuwa naogopa tangu mwanzo. Ukibana breki muda mrefu bila kuachia, rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana, achia, breki zote mbili. Sisi, penye mteremko mkali zaidi, tulishuka tukazivuta baiskeli kwa mkono. Vijana wa bodaboda walitucheka. Mzee akawapungia mkono.

HESABU YA AHADI

Kabla ya kuchangisha tulipata kibali cha serikali ya kijiji na barua ya wilaya. Mweka hazina alichaguliwa kwenye mkutano, na hakuwa mmoja wetu. Kila mtu aliahidi kiasi kwa kilomita moja: mwingine shilingi 10, mwingine 50, mwalimu mkuu 100. Tuliandika pia kwamba fedha zitalipwa kwa kilomita tulizokwenda tu. Sharti hili mzee alilitaka sana, ili presha ikipanda tusimame bila kuona tumeiba ahadi za watu.

Ahadi zote 34 zilifika shilingi 1,240 kwa kilomita. Zidisha kwa 240, ni shilingi 297,600. Tulifika Dodoma siku ya nne saa 8 mchana, na wenzetu wa kijiji wanaofanya kazi huko wakatukabidhi saruji mifuko 20. Hadi mwisho wa Septemba zilikuwa zimelipwa shilingi 271,200. Hesabu ilibandikwa kwenye mlango wa zahanati, pamoja na ahadi tatu ambazo hazijalipwa, bila majina. Fedha hazikutosha kuezeka chumba chote. Tofali tulichoma wenyewe, na upande mmoja sasa una bati.

Mzee anauliza kama mwaka huu twende Babati.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ahadi ambazo hazijalipwa ni shilingi ngapi? Onyesha njia.

2. Jumlisha kilomita za mwendo mrefu za wiki zote nane. Je, zimezidi safari yenyewe?

3. Pima gurudumu la baiskeli yako. Linahitaji kuzunguka mara ngapi kufika kilomita moja?

4. Mama mmoja aliahidi shilingi 25 kwa kilomita. Kama wasafiri wangeishia Manyoni, kilomita 120, angelipa kiasi gani?