Mche Ukitoka Kitaluni

Mkulima wa nyanya akiamka na kukuta miche mitano imelala chini, imekatwa sawia na udongo, wa kwanza kulaumiwa ni muuza mbegu, wa pili ni kuku wa jirani. Mhalifu mwenyewe yuko palepale. Fukua kwa kidole kuuzunguka mche uliokatwa, kiasi cha upana wa kiganja, utamkuta: kiwavi mnene wa rangi ya udongo, mlaini, anayejikunja ukimgusa. Huyo ndiye sota. Kazi yake ni ya usiku na mchana hujificha, kwa hiyo dawa inayopulizwa majanini saa nne asubuhi haimpati.

Sota huwa shambani kabla ya mche. Nondo mama hutaga kwenye magugu, na viwavi hukulia hapo. Anayepalilia leo na kupanda kesho amewanyima magugu na kuwaandalia nyanya. Safisha shamba wiki mbili kabla, lima, udongo ukae wazi upigwe jua. Sota wengi watakufa njaa au wataliwa na ndege. Ukikuta bado wapo, usipande bila kuukinga kila mche. Kata kopo la plastiki au boksi upate bangili, uivishe kwenye mche, uizamishe ardhini sentimita tatu hivi na kuacha tano juu. Kama una miche mingi, choma njiti za kiberiti mbili kando ya shina, zikiligusa. Sota hujizungusha kwenye shina ndipo alikate, na njiti humzuia kulikumbatia.

Mche wenyewe nao uandaliwe. Kitaluni umedekezwa: kivuli, maji kila siku, upepo kidogo. Ukiutoa ghafla utanyauka hata kama hakuna mdudu. Katika wiki ya mwisho punguza maji taratibu, na uondoe kivuli saa chache asubuhi, kesho yake zaidi, hadi uzoee jua la kutwa. Ukiona unalegea mno, rudisha kivuli. Nyanya huwa tayari ikiwa na wiki nne hadi tano, majani halisi manne hadi sita na shina linalokaribia unene wa penseli.

Kabla ya kung'oa, kagua. Elekeza jani kwenye mwanga: ukiona vijia vyeupe na kiwavi mdogo ndani ya ngozi ya jani, huyo ni kantangaze. Ametoka Amerika Kusini na alionekana Tanzania mwaka 2014. Mche wenye dalili hizo uchome au uufukie chini sana. Kuuonea huruma ni kumbebea adui mizigo hadi shambani. Na kama shamba lilikuwa na viazi mviringo, bilinganya au pilipili msimu uliopita, tafuta pengine. Mazao hayo ni ndugu wa nyanya na wanagawana wadudu na magonjwa.

Wavutaji sigara na watumiaji wa ugoro wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Si suala la maadili: tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoishambulia nyanya, na mkono ndio unaovihamisha.

Panda jioni, jua likishapoa, ili mche upate usiku mzima wa kujitengeneza. Mwagilia kitalu saa chache kabla, kisha ng'oa mche pamoja na bonge lake la udongo. Ushike jani, usishike shina. Jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka mche umekwisha. Shimoni weka samadi iliyooza vizuri, kwa sababu ile mbichi huunguza mizizi. Anayetumia DAP aweke kisoda kimoja, afunike kwa udongo kidogo, ndipo mche ukae juu yake. Nyanya izamishe hadi karibu na majani ya chini, maana shina lililofukiwa huota mizizi. Pilipili hoho ibaki katika kimo ilichokuwa nacho kitaluni. Shindilia kwa vidole na umwagilie papo hapo.

Matandazo ya nyasi kavu ni mazuri, ila yasiguse shina, vinginevyo umewajengea sota na konokono nyumba. Majivu husumbua konokono yakiwa makavu tu. Mvua moja, na kazi imeisha.

Wengi hufunika miche kwa chandarua cha kulalia. Kinazuia nondo na panzi, lakini inzi weupe ni wadogo kiasi cha kupenya matundu yake, na hao ndio wanaoleta virusi vinavyokunja majani na kuyafanya manjano. Ukitaka kuwazuia, nunua wavu wa kitalu wenye matundu madogo zaidi, na pindo zake uzifukie kwa udongo pande zote. Geuza majani kila baada ya siku mbili uangalie chini yake, kwa sababu huko ndiko wanakotaga.

Usimalize miche yote kitaluni. Acha mmoja kwa kila kumi uliyopanda, na uendelee kuimwagilia kidogo. Mapengo yakitokea, yazibe ndani ya siku kumi za kwanza. Mche unaoingia baada ya hapo hufunikwa na wenzake na hubaki nyuma hadi mavuno. Kabla ya kuziba, fukua kwanza shimo la mche uliokufa umtoe sota, maana usipomtoa utakuwa umempelekea chakula cha pili.