Kununua Land Cruiser ya Mkononi: Ya Kukagua Kabla Hujalipa

Kijitabu hiki ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba anataka Land Cruiser kubwa, ama toleo la 100 lililotoka kuanzia 1998 hadi 2007, ama la 200 lililoanza 2007 na kukoma 2021. Ni magari yenye sifa, na sifa hiyo yameipata kihalali. Tatizo ni kwamba sifa hiyohiyo ndiyo inayowaponza wanunuzi wengi. Mtu anaamini kuwa gari la namna hii halifi, basi anatazama rangi, anakaa kwenye kiti, anapatana bei. Gari lililobeba watalii mbugani au kuzungukia miradi vijijini kwa miaka kumi na mitano lina mahali limechoka, na kwa gari la ukubwa huu kila kilichochoka ni ghali kukibadilisha.

Nenda na fundi wako mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali amekwisha kulipwa na upande wa pili.

Fika injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Kama ina moto, panga siku nyingine, kwa sababu mambo mengi hujificha injini ikishapata joto. Injini ya petroli ya 4.7 kwenye toleo la 100, kwa mfano, hupata ufa kwenye manifoldi ya eksozi. Asubuhi utasikia mlio wa tik-tik-tik, na baada ya dakika chache chuma kinapanuka, ufa unajiziba, mlio unapotea. Mnunuzi aliyekuja saa nane mchana hausikii kabisa.

Gari likiwaka, tazama moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi. Sikiliza pia stata. Kwenye V8 hiyo ya 4.7 stata imewekwa katikati ya injini, chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi kubwa ya ufundi hata kama kifaa chenyewe umekipata kwa bei nafuu. Ikisitasita, iingize kwenye mapatano ya bei.

Vumbi: adui wa V8 ya dizeli

Hapa tunaomba usiwe na haraka. Injini ya dizeli ya 4.5 iliyo kwenye toleo la 200 ina nguvu na inavumilia, lakini vumbi inaliogopa. Boksi la filta ya hewa lisipofunga sawasawa, au filta ikiwa si ya kipimo chake, vumbi laini la barabara zetu hupita pembeni na kuingia kwenye turbo na silinda. Ringi za pistoni zinalika, gari linaanza kula oili, na kuifanyia injini hiyo ovahoo ni gharama inayoweza kukushinda kabisa.

Kulipima ni rahisi. Mwombe fundi afungue bomba la hewa baada ya filta, upande wa kuelekea kwenye turbo, kisha apitishe kitambaa cheupe ndani. Utando mwembamba wa oili si wa kushangaza. Kitambaa kikitoka na tope la kahawia linalokwaruza vidoleni, injini hiyo imekuwa ikivuta vumbi. Baada ya hapo washa gari na ulegeze kifuniko cha kujazia oili. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo mfululizo, mgandamizo unavuja kupita kwenye ringi. Vipimo hivi viwili havichukui hata nusu saa, na muuzaji anayevikataa amekwisha kukujibu.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui: Land Cruiser 200 zilizouzwa kwa wenyeji wa Japani zilikuwa za petroli tu. Ukiambiwa kwamba dizeli ya toleo hilo ilikuwa ikitembea Japani, uliza tena imetoka wapi hasa, na udai karatasi zake.

Maji ya rejeta

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, kamwe si ya moto. Kulanti ya Toyota huwa nyekundu au ya waridi. Ukikuta maji yenye kutu, jua mtu alikuwa akijaza ya bomba. Oili ikiwa imepauka kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini; hapo funga boneti uondoke.

Kwenye toleo la 200, kagua tangi la plastiki la juu ya rejeta, hasa karibu na shingo ya bomba kubwa, maana hupasuka kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye V8 za petroli chunguza pampu ya maji. Ukoko wa waridi uliokaukia hapo ni dalili kwamba inavuja polepole.

Mkanda wa taimingi

Dizeli za 4.2 na petroli ya 4.7 hutumia mkanda. Dizeli ya 4.5 na petroli za 4.6 na 5.7 hutumia cheni. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000 hadi 150,000, kutegemea injini na nchi gari lilikouzwa. Ukikatika, kwenye dizeli pistoni hugonga valvu. Kwenye dizeli hizo kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, inapaswa kuwaka. Isipowaka, huenda balbu imetolewa, na mwenye kuitoa alikuwa na sababu. Iangalie taa ya cheki injini kwa namna hiyohiyo. Kama hakuna risiti ya mkanda, hesabu kuwa haujabadilishwa.

Chini ya gari

Baadhi ya toleo la 100 zina mfumo wa hidroliki wa kupandisha na kushusha bodi. Mitungi yake midogo ya gesi ya naitrojeni huisha, na gari likawa gumu kama halina springi. Injini ikiunguruma, shusha bodi mpaka chini kabisa, weka alama ya kiwango cha mafuta kwenye tangi lake, kisha ipandishe juu kabisa. Mitungi mizima hushusha kiwango kwa takriban mistari 14; ikiwa ni mistari 7 au pungufu, mitungi imekwisha. Wengine huung'oa mfumo mzima na kuweka springi za kawaida. Si vibaya, ilimradi kazi imefanywa vizuri na bei imezingatia hilo.

Lala chini uikague chesisi. Magari yaliyotoka Uingereza hukutana na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na yaliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja hukutana na ya bahari. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chesisi yote inatia shaka. Gonga kwa nyundo ndogo, usikie kama chuma ni kizima. Bushi, shokapu na sili za difu fundi ataziona.

Barabarani, jaribu gia zote. Four low na loki ya difu ya kati zijaribu kwenye udongo, si kwenye lami. Gari lililozunguka mjini tu huenda halijawekwa four low kwa miaka, na taa ikibaki kupepesa bila kutulia, mfumo haujaingia.

Kilomita na namba

Kilomita hurudishwa. Linganisha dashibodi na mpira wa pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Kwa gari lililotoka Japani, omba karatasi ya mnada: herufi R kwenye daraja lake maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Mwisho, futa tope kwenye chesisi upande wa kulia karibu na tairi la mbele, soma namba iliyogongwa hapo, uilinganishe na kadi ya gari. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usitoe hata malipo ya awali mpaka mamlaka ya usajili ikupe maelezo kwa maandishi.