Nyumba ya Zamani ya Reli: Anza na Maji, Acha Saruji

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Kwenye miji ya reli kama hiyo bado utakuta nyumba ndogo za wafanyakazi: vyumba viwili, bati juu, ukuta wa mawe na chokaa. Ukiipata moja, usikimbilie kununua saruji. Subiri mvua inyeshe, uizunguke uone maji yanaangukia wapi na yanatuama wapi.

Kwa miaka mingi udongo wa nje hupanda hadi ukafukia msingi. Uchimbe ushuke chini ya sakafu, walau sentimita 15, na mteremko uelekee mbali na ukuta. Funga mifereji kwenye paa, maji yaingie kwenye tangi. Mabati yaliyotoboka badili hayo tu. Lakini paa likiwa la asbesto, usilikate wala kulisugua. Tafuta wenye kibali cha kuliondoa.

Sasa ukuta, na hapa ndipo nyumba nyingi nzuri huharibiwa. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, lipu hutoka na vipande vya jiwe. Gonga kwa mpini wa nyundo: panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na jiwe. Ibandue taratibu kwa patasi, uache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa. Kisha chukua chokaa iliyozimwa na kulowekwa hadi ikalainika kama samli iliyoganda, sehemu moja kwa tatu za mchanga safi. Wa ufukweni hapana, una chumvi. Lowanisha ukuta, piga tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, ufunike kwa magunia mabichi. Jua likiiwahi, itapasuka. Vaa glavu na miwani, maana chokaa inaunguza. Malizia kwa kupaka chokaa, si rangi ya mafuta.

Madirisha ya mbao usiyang'oe upesi. Mara nyingi kilichooza ni ubao wa chini peke yake. Chomeka bisbisi, inapozama, kata hapo, unga kipande cha mbao ngumu, gharama iishie hapo.

Na kabla hujampa mwashi kazi, muulize amewahi kupiga lipu ya chokaa wapi, kisha mwende pamoja mkaione.