Kitenzi na Mkia Wake: Somo Fupi la Kiingereza



Ndugu zangu, sisi wa Palma na Mocímboa da Praia tunakua na Kimwani, Kiswahili au Kimakonde nyumbani, Kiarabu madrasa, na Kireno shuleni. Kiingereza huja mwisho, na tangu mradi wa gesi ufike Afungi kinatafutwa zaidi. Wengi tunahifadhi vitenzi vyake kimoja kimoja: call ni kuita, put ni kuweka. Hapo ndipo tunapopotea, kwani kitenzi cha Kiingereza mara nyingi kina mkia, na maana imo mkiani.

Tuanze na tunachokijua

Watu waliokimbia mashambulizi ya Machi 2021 walihama Palma. Wengi wakahamia Pemba. Irabu moja tu imeongezeka, na safari imegeuka.

Kiarabu nacho kina raghiba. Raghiba fii ni kukitaka kitu. Raghiba an ni kukipa mgongo. Katika hadithi ya watu watatu waliokwenda kuulizia ibada ya Mtume (s.a.w.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwisho wake kuna an: mwenye kuipa mgongo Sunna si katika wafuasi wake. Ukisoma fii, umewafukuza wanaoipenda Sunna! Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 127, ambapo kitenzi hicho kimekuja bila herufi, wafasiri wametaja maana zote mbili: kutaka kuwaoa mayatima wa kike, na kutotaka.

Sasa Kiingereza

Look for ni kutafuta. Look after ni kulea, kutunza. Mbele ya mwandikishaji wa misaada, anayesema “I am looking after my brother’s son” yuko na mtoto. Anayesema “looking for” amempoteza.

Call up ni kupiga simu. Call off ni kufuta. Ukiandikiwa “The interview has been called off”, hukuitwa: usaili umefutwa.

Turn up ni kufika. Turn down ni kukataa. “You have been turned down” maana yake ombi lako limekataliwa.

Put on ni kuvaa, put off ni kuahirisha, put out ni kuzima. Ukiambiwa “Put out the fire”, usiutoe moto nje. Uzime.

Misemo nayo haifasiriwi neno kwa neno. To know the ropes, kuzijua kamba, ni kuijua kazi vizuri. Umetoka kwa mabaharia wa matanga, na aliyewahi kupanda jahazi hatausahau. To learn by heart ni kuhifadhi, kama tunavyohifadhi juzuu.

Namna ya kujifunza

Usiandike put peke yake daftarini. Andika kitenzi pamoja na mkia wake, kisha sentensi moja ya maisha yako, kama tulivyofundishwa kukiandika kitenzi cha Kiarabu pamoja na herufi yake. Vitano kwa siku vinatosha. Jioni msomeane na mwenzio.

Zoezi

Fasiri kwa Kiswahili:
1. The meeting was put off.
2. She turned down the job.
3. They are looking for water.

Majibu: mkutano uliahirishwa, aliikataa kazi, wanatafuta maji.