TUJIFUNZE KIINGEREZA: Maana na matumizi ya "flare up"

Katika Kiingereza, mara nyingi kitendo hufuatwa na neno dogo, na maneno hayo mawili yakikaa pamoja huwa na maana yake yenyewe. Leo twatazama "flare up".

Maana ya kwanza ni ya moto. Mkulima wa Runyenjes achoma takataka shambani. Jioni moto wafifia, naye aenda zake nyumbani akidhani umekufa. Usiku upepo wavuma, na makaa yaliyofichwa na majivu yawaka ghafula. Hapo husemwa: "The fire flared up." Jambo hili si la mchezo: mwezi wa Machi 2012 moto uliunguza sehemu kubwa ya nyika za Mlima Kenya.

Maana ya pili ni ya hasira. "My father flared up", yaani, baba alihamaki. Ukitaka kumtaja aliyehamakiwa, ongeza "at": "He flared up at me", alinihamakia.

Maana ya tatu ni ya ugonjwa au ugomvi uliotulia, kisha ukazuka tena. Mwenye pumu aweza kusema: "My asthma has flared up."

Sasa angalieni makosa mawili. Kosa la kwanza ni kusema "I flared up the fire". Moto huwaka wenyewe. Wewe uliyeuwasha sema "I lit the fire".

Kosa la pili ni kuchanganya maneno haya na "break out". Tuseme majirani wawili wamegombania mpaka wa shamba, nawe umeitwa kuandika ushahidi. Ukiandika "A quarrel broke out", msomaji ataelewa kwamba ugomvi ulianza siku ile. Ukiandika "The quarrel flared up again", ataelewa kwamba ulikuwapo tangu zamani, nao umefufuka. Basi pima neno lako kabla ya kuliandika, kwani laweza kumponza asiye na kosa.

Zoezi: Tafsiri kwa Kiingereza, kisha utazame majibu.
1. Mzee aliwahamakia wavulana.
2. Moto uliwaka tena usiku.

Majibu:
1. The old man flared up at the boys.
2. The fire flared up again in the night.