Usikiokote, Andika Kilipo: Namna ya Kutunza Kumbukumbu za Kijiji Rufiji na Kibiti

Mkukutu, karibu na Kibiti, mwanaakiolojia Felix Chami alichimbua shanga ndogo za kioo, na mwaka 1999 akaandika kwamba zilitoka katika dola ya Warumi. Habari hiyo ilikuwa nzito kwa pwani nzima. Kuna kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kinachoitaja Rhapta, soko la mwisho la upande huu wa Afrika, mahali pa pembe za ndovu, magamba ya kasa na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu wanavutana hadi leo, na delta ya Rufiji ni miongoni mwa mahali panapotajwa sana.

Uzito wa shanga zile haukutokana na urembo wake. Aliyezikuta alijua zilikuwa kwenye tabaka lipi la udongo, na zimelala pamoja na vigae vya aina gani. Lau zingeokotwa na mtoto zikatungwa kwenye uzi, leo zingekuwa ushanga wa shingoni na hakuna ambaye angejua zilikotoka. Kwa hiyo, ukikuta kitu cha kale shambani kwako, kiache kilipo na uandike mahali kilipo.

Wengi tukisikia malikale tunafikiria Kilwa Kisiwani, au magofu ya Kua kule kisiwani Juani, Mafia. Delta haina magofu makubwa ya namna hiyo. Watu walijenga kwa boriti, udongo na makuti, na mto nao huhama ukachukua ukingo na kuacha kisiwa. Kwetu malikale yanatafutwa kwa kuinamisha macho. Unapochimba choo au kulima, tazama vigae. Kipande chenye pembetatu zilizochorwa kwa ncha ya kijiti chini ya ukingo wa chungu kina umri wa miaka elfu moja au zaidi. Angalia pia mavi ya chuma: mabonge meusi, mazito kuliko jiwe la ukubwa huo, yenye vitundu kama mkate. Hayo ni mabaki ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma hapo hapo unaposimama.

Kisha kuna mahame, yaani vijiji vilivyoachwa, na hapa ndipo ninapoomba tuharakishe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wa bondeni, waliokuwa wakilima mlao, kilimo cha baada ya maji kupungua, na kulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, ikawapeleka kwenye vijiji vipya vya nchi kavu. Nyumba zilizoachwa zimeoza zote. Kilichobaki ni miembe iliyopangana kwa namna isiyo ya mwituni, mnazi mmoja, mafiga matatu chini ya majani, makaburi, na jina. Jina likipotea, lile pori haliwi tena kijiji cha mtu. Aliyehama akiwa na miaka 20 sasa anakaribia 80. Mfuateni mwaka huu.

Nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine aandike, na mwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu irekodi. Msianze kwa kuuliza mwaka. "Shikamoo babu." "Marahaba, wajukuu zangu." "Babu, mlipohamishwa kule bondeni, ulikuwa umeshaoa?" Hapo ataanza kuhesabu mwenyewe: mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa, wa pili alizaliwa huku juu. Mwaka utaupata kwa kuyapima maneno yake na matukio yanayojulikana: Azimio la Arusha 1967, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, mvua za El Nino 1997 na 1998, kufunguliwa kwa daraja la Mkapa 2003. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa Kindengereko ikibidi, ndipo utie tafsiri kando. Bibi naye aulizwe peke yake. Mara nyingi ndiye anayejua nani kazikwa wapi na kisima kilichimbwa na nani.

Kazi ya namna hii iliwahi kuokoa historia kubwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Majimaji kuanza Umatumbi. Karatasi za serikali ya Kijerumani zilimwita mchawi. Tunaijua sura yake nyingine kwa sababu mwaka 1968 Gilbert Gwassa, John Iliffe na wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda kwa wazee waliokuwa bado hai, wakawasikiliza. Wangengoja miaka kumi na tano, wangekuta makaburi.

Habari ya meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iligeuka kinyume chake. Baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, nahodha Max Looff aliificha kwenye mikoko ya delta, upande wa Salale. Waingereza walizamisha meli ya makaa, Newbridge, kwenye mlango wa Suninga ili kumzibia njia, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia humo mtoni. Mizinga yake 10 ilitolewa ikapigana nchi kavu. Leo mmoja uko Pretoria, mmoja Mombasa, mmoja Jinja. Chuma cha meli yenyewe kilikatwa kikauzwa kama chakavu, na mabaki yakamezwa na tope. Vitabu juu ya meli hiyo ni vingi, vya Kiingereza na Kijerumani. Watu wa delta waliobebeshwa mizigo, waliotumwa kuongoza mitumbwi, hawamo kwa majina. Kama babu yako alikusimulia neno lolote kuhusu meli hiyo, hilo ni kumbukumbu na linastahili daftari.

Kwa upande wa ulinzi wa serikali, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye kwa kawaida hulindwa pale Waziri anapovitangaza. Kuchimba bila kibali ni kosa, kusafirisha nje bila kibali ni kosa, na anayegundua kitu anatakiwa kutoa taarifa. Anza kwa mtendaji wa kijiji, aandike barua kwa halmashauri, imfikie afisa utamaduni, kisha Idara ya Mambo ya Kale. Baki na nakala yenye muhuri. Na tafadhali, msiwasikilize wanaokuja usiku na habari za rupia za Mjerumani chini ya mibuyu na makaburini. Wanaacha mashimo na mifupa iliyotawanyika, na kaburi lililofukuliwa halirudi.

Lakini kijiji kina nguvu yake hata kabla Waziri hajasema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu halmashauri ya kijiji kupendekeza, na mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha, eneo fulani kuwa ardhi ya matumizi ya jumuiya, likaingizwa kwenye rejista. Pango la mizimu, makaburi ya zamani, hame lenye miembe: vyote vinaweza kuandikwa humo. Ninaona hii ndiyo ngao iliyo karibu zaidi na mwananchi, na haitumiwi vya kutosha. Eneo lililoingizwa kwenye rejista haligawiwi kimya kimya.

Kwa karatasi za zamani, nenda Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukiwa na kitambulisho na barua ya utambulisho. Nyaraka za umma zilizotimiza miaka 30 kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji. Kuna majalada ya Wajerumani, na kuna daftari la wilaya ya Rufiji lililoandikwa na maofisa wa Kiingereza. Tafuta jina la kijiji chako kwa tahajia zaidi ya moja: Mohoro na Muhoro, Kikunya na Kikunja. Na soma ukikumbuka kwamba mwandishi alikuwa mkusanya kodi.

Nyumbani nako msitupe kitu. Hati ya shamba la minazi, barua kwa herufi za Kiarabu, cheti cha madrasa, stakabadhi ya kodi: vipige picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa taa ya simu, pande zote mbili. Usizibe karatasi kwa plastiki ya moto, haitabanduka tena. Usiweke sandukuni chini ya kitanda, maana mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha maji yanapofika.

Kwa kila mahali mnapoandika, tumieni ukurasa mmoja: jina na majina yake ya zamani, nani kasema na lini, njia ya kufika kutoka shuleni au msikitini, nambari za ramani ya simu, picha, na hali ya sasa. Toeni nakala tatu. Moja ikae masjala ya kijiji, moja shuleni, na ya tatu kwa jamaa anayeaminika aliye nchi ya juu, Kibiti mjini au Bungu, mbali na mto.